Msomaji wa Talimu

Ustadh Samad alipanda ngazi za nyumba ya Bi Khatija mara nne mwaka ule, na mara zote nne alikuja kuchukua kitanda chake cha kufumia mazulia.

Mara ya kwanza alikuta wasichana wanakula, akaona haya. Mara ya pili alikuta kitanda kimetandwa nyuzi mpya, na hakuna fundi katika mtaa wetu wa Srinagar anayeweza kuukata mtande mbichi asiumwe tumbo. Mara ya tatu alikuja na mkwewe Maqbul, kamba mbili na kisu.

"Nuzhat," aliniambia akihema kwa ajili ya ngazi, "mimi nilikuazima kitanda ufundishe kazi. Sikukuazima uwapange mabubu watatu mbele yake kama vyungu dukani."

"Ni viziwi, Ustadh. Bubu ni mwenye neno jema moyoni asiyelitoa."

Maqbul alikohoa ili asicheke. Ustadh alitoa kikopo cha ugoro, akabana kidogo kwa vidole viwili, akavuta puani, akapiga chafya iliyotikisa dirisha. Nyuma yangu wasichana walitazamana wakabana midomo.

Ningekuwa mpole, darasa lile lingekwisha zamani. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa kiziwi, nami nilijua lugha ya alama tangu utotoni kwa sababu yeye ndiye pekee pale nyumbani aliyekuwa tayari kugombana nami kutwa nzima. Alipopata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji akaondoka, nilianza kuwaona wasichana wa rika lake waliobaki kwenye majiko ya jamaa zao, wanaitwa kwa kuvutwa nguo, hawajui hata kuandika majina yao. Nikaenda kwa Bi Khatija, mjane mwenye nyumba ya ghorofa na ulimi mkali kuliko wangu. Alinipa chumba cha juu bila kodi. Akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia wanawake: kabla hujatia mchele chunguni, toa konzi moja, weka kwenye kopo mlangoni. Kila Ijumaa nilipita na gunia. Mchele ule uliwalisha wasichana, na uliozidi tuliubadilisha kwa sufi. Watoto wa mtaani wakatuita Shule ya Konzi. Hata nyumba ya Ustadh Samad ilitoa, ingawa konzi yake ilikuwa ndogo kuliko zote, nadhani alikuwa na mkono maalumu wa kazi hiyo.

Basi siku ile ya tatu nilijua anachotaka kusema, na kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki.

Kwetu zulia halichorwi, linasomwa. Kuna karatasi inaitwa talimu, imejaa alama ndogo kama nyayo za ndege, na kila alama ni rangi na idadi ya mafundo. Msomaji hukaa kando ya wafumaji akiimba: "Mbili nyekundu! Moja nyeupe! Tano za bluu!" Wao hufunga mafundo na kujibu, "Tayari!" macho yao yasibanduke kwenye uzi. Sauti ya Ustadh Samad ilisikika mpaka darajani. Alikuwa amesoma talimu miaka arobaini.

"Mfumaji wangu," alisema, "masikio yake yako kwangu na macho yako kwenye kazi. Hawa wako macho yao yako kwenye mikono yako. Nani anautazama uzi? Paka?"

Nilikuwa nasimama kando yao nikiwasomea kwa alama. Kila walipogeuza shingo kunitazama, fundo lililegea. Kutwa nzima walimaliza mistari mitatu.

"Nipe muda, Ustadh."

"Nimekupa tangu majani ya miti ya michenari yakiwa ya kijani."

"Nipe mpaka siku ya kwanza ya Chila," nikasema. Chila ni zile siku arobaini za baridi kali, na zilikuwa zimebaki wiki tisa zifike. "Tutakupa korosho moja, lile ua la mazulia yetu lenye shingo iliyopinda, upana wa kiganja. Ikiwa safi, msichana mmoja anaingia karakana yako kama mwanafunzi, sawa na mwanamume yeyote. Ikiwa mbovu, nitakushikia kamba mimi mwenyewe."

"Msichana yupi?"

Sikuwa nimefikiria. Lakini Zuna alikuwa akizisoma nyuso zetu, akapiga hatua mbele.

Zuna alikuwa na miaka kumi na minane na kovu lililokata unyusi wa kushoto. Jina lake miongoni mwao ni hilo hilo: unapitisha kidole kwenye unyusi. Viziwi hawakuiti kwa herufi, hukutazama siku kadhaa kisha wakakupa jina la alama, nawe huna ruhusa ya kuchagua. Mimi ni kalamu nyuma ya sikio. Bi Khatija ni mwiko ulioinuliwa juu.

Zuna alikuwa anaishi kwa mjomba wake kandokando ya ziwa, akimenya mashina ya yungiyungi tangu alfajiri, vidole vimepasuka kwa maji baridi. Mjomba alimruhusu kuja kwetu mpaka majira ya baridi tu. Akipata nafasi kwenye karakana, sawa. Asipopata, arudi kwenye beseni.

Ustadh alimtazama kovu, akatazama vidole. "Siku ya kwanza ya Chila," alisema. "Maqbul, rudisha kamba."

*

Wiki mbili tulihangaika. Nilijaribu kusimama ubavuni mwa kitanda, mhimili ukanificha. Nilijaribu kuwapigapiga mabegani idadi ya mafundo, Haniya akacheka kwa kutekenywa na Tabinda, msichana wa tatu, akanipiga kibao bila kukusudia. Nilijaribu kuwaandikia talimu kwa namba kubwa ukutani. Shingo zile zile, mafundo yale yale yaliyolegea.

Kisha mkasi ukaanguka.

Uliteleza kutoka mapajani mwa Haniya ukaingia nyuma ya kitanda. Zuna akatambaa kuufuata. Alipoinuka upande wa pili alijikuta ana kwa ana na wenzake, katikati yao nyuzi za mtande zimesimama wima kama mvua. Akaweka mkasi chini, akabana vidole viwili, akavuta puani, akajifanya anapiga chafya hadi macho yakamtoka. Alikuwa Ustadh Samad mzima mzima.

Haniya na Tabinda walicheka mpaka wakaegemeana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kwamba hawakugeuza shingo. Vidole vya Tabinda vilikuwa bado vimeshika fundo.

Nilikanyaga sakafu kwa kishindo. Ndivyo tunavyoitana, mbao hupeleka mtikisiko miguuni mwao.

"Vumbi!" Bi Khatija alipiga kelele kutoka chini. "Vumbi kwenye mboga yangu, enyi wanawali wa kiama!"

"Rudia!" nilimwambia Zuna kwa mikono. "Kaa hapo hapo. Waambie mbili nyekundu."

Akawaambia mbili nyekundu. Mikono yake ilionekana kupitia nyuzi kama mtu nyuma ya pazia jepesi. Wakafunga mbili nyekundu, macho mbele, wakaitikia kwa vichwa: tayari.

Siku ile walimaliza mistari tisa. Jioni Bi Khatija alitupikia chai ya chumvi na mkate wa moto kutoka kwa mwokaji wa chini, na tulikula kama watu waliotoka kwenye harusi.

Kuanzia hapo kazi ilikimbia. Zuna alikariri alama zote za talimu kwa siku ishirini. Aliweka karatasi gotini, akasoma, akainua mikono. Nilimfundisha kwamba mwanzo wa kila mstari ainue mkono wa kulia kuonyesha upande wa kuanzia. Mimi nilikaa karibu naye kule nyuma, nikilinganisha kila mstari na karatasi, nikiuona mchoro unavyojitokeza kwenye mgongo wa zulia. Na kila baada ya mistari michache alitia umbeya wake: mjomba ameanguka ziwani akifukuza bata, Maqbul amenunua viatu vya kisigino. Wafumaji walikuwa wakicheka wakifunga mafundo. Ni karakana gani ya mazulia umewahi kuingia ukakuta wafumaji wanacheka? Kwa Ustadh ukicheka unapoteza hesabu, kwa sababu mdomo wake hauwezi kuimba bluu na kusengenya kwa wakati mmoja.

Korosho ilikamilika siku mbili kabla ya Chila. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilikwenda kumwalika mwenyewe.

*

Alikuja na Maqbul, wote wamejifunika makoti marefu, vyungu vidogo vya makaa vimefichwa tumboni ndani ya nguo, wanaonekana wajawazito wawili. Barafu ilikuwa imeanza mabombani. Wasichana walisimama ukutani wamevaa vizuri. Zuna alikuwa amesuka nywele na kuzifunga kwa uzi mwekundu wa sufi.

Ustadh aliinama mbele ya kitanda, pua karibu iguse nyuzi, mafundo kwanza, mchoro baadaye. Akatazama.  Kisha akazunguka nyuma, akatoa lenzi, akahesabu mafundo kwa ukucha, mstari baada ya mstari. Nilimwona akitafuta kosa kama anayetafuta kiroboto.

"Hakuna fundo lililokosewa," alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Hata moja."

Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nishukuru, Maqbul akaangua kicheko.

"Baba, njoo mbele! Korosho imelala upande! Imempa mgongo mwenye nyumba, inamtazama jirani!"

Nilikwenda mbele.  Korosho zetu zote tangu enzi huinamisha shingo kulia. Ya kwetu ilikuwa imeinama kushoto, nzuri, safi, imegeuka kama uso kwenye kioo.

Kosa lilikuwa langu. Zuna alikuwa anawatazama wenzake uso kwa uso, kwa hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa kwao upande wa kushoto. Kila mstari walikuwa wameuanzia upande usio wake. Na mimi, mwalimu, nilikaa nyuma wiki saba nikiukagua mgongo wa zulia, na mgongoni kila kitu kilionekana kimekaa sawa. Sikuwahi hata siku moja kwenda mbele nikasimama nikatazama kama mteja.

"Ni kazi nzuri," Ustadh alisema, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Lakini mnunuzi hatageuza nyumba yake kwa ajili yenu. Maqbul, kamba."

Zuna alinivuta mkono. "Wanacheka nini?"

Nilimwambia.  Nilimwambia kosa ni langu, si lake.

Alikwenda mbele ya kitanda, akaitazama korosho. Akazunguka nyuma. Akarudi mbele. Akainua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba umemwibia kitu. Halafu akacheka, kile kicheko chake kikubwa kisichojisikia chenyewe, na Maqbul akaruka nyuma nusura amwage makaa.

Alifungua uzi mwekundu kwenye nywele zake. Akaufunga kwenye mhimili wa kitanda, upande wa kulia wa wafumaji, mafundo mawili. Kisha akanigeukia.

"Mkono wangu hauhusiki tena. Mstari unaanza kwenye uzi mwekundu. Mwambie anipe talimu nyingine, yoyote, ambayo sijawahi kuiona. Sasa hivi."

Nikamwambia Ustadh.

"Mimi sina muda wa michezo," alisema akielekea ngazi.

Lakini ngazini alisimama Bi Khatija na mwiko wake, na upana wake, na birika.

"Unakwenda wapi, Samad? Nimeinjika chai."

"Siku nyingine, dada."

"Siku nyingine nitakuwa nimekufa, utakuja kunywa kwenye matanga. Ni chai ya chumvi, majani ndiyo kwanza yameanza kuchemka. Saa nzima. Mtu hapandi kwangu mara tano mwaka mmoja akaondoka na midomo mikavu. Kaa."

"Ni mara ya nne."

"Ya tano ni hii ukijaribu kunipita."

Ustadh alikaa. Akatoa kutoka mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa, imechakaa pembeni. "Pindo la ngazi," alisema. "Talimu ya marehemu baba yangu. Hata Maqbul hajaifuma. Saa moja, mpaka chai iive. Wakikosa, nisisikie neno."

Zuna aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma mara moja tangu juu hadi chini, midomo ikicheza. Akaenda nyuma ya mtande. Haniya na Tabinda wakakaa kwenye ubao, migongo imenyooka. Kabla ya kuinua mikono, Zuna aliuonyesha uzi mwekundu, nao wakaitikia kwa vichwa.

Wakaanza.

Chumba kilikuwa kimya isipokuwa mlio wa kisu kidogo kikikata sufi na kitana kikigonga mafundo yakae. Ustadh hakuweza kutulia. Baada ya mstari mmoja aliinuka akaenda kusimama nyuma ya bega la Zuna, karatasi iko chini ya macho yake. Mwanzo alikuwa ananong'ona talimu peke yake ahakikishe. "Nne nyeupe... moja ya kijani... tatu nyekundu." Mikono ya Zuna ilikuwa mbele yake kwa pumzi moja, kisha mbili. Ikambidi aharakishe. Akaanza kutikisa kichwa kwa mwendo ule. Mstari wa tatu alikuwa anaifuata mikono, karatasi ameisahau.

"Hii ni kijani," alisema ghafla, akionyesha vidole vya Zuna. "Eti? Hii hapa, ni kijani."

"Ndiyo, Ustadh."

"Na hii tano."

"Tano."

Kisha Zuna akafanya alama nyingine, ya haraka, na wafumaji wakatingishika mabega kwa kicheko. Vidole vyao havikusimama.

"Hiyo haipo kwenye talimu!" Ustadh alifoka. "Talimu ya baba yangu! Amesema nini?"

Nilisita. "Amesema... kofia yako umeivaa nyuma mbele."

Ustadh aliishika kofia yake. Ilikuwa nyuma mbele. Maqbul alitoka nje kwenye varanda akacheke huko, na tulimsikia.

Chai ilipoiva, rangi ya waridi, Bi Khatija akiipandisha na vikombe, kulikuwa na mistari minane kwenye mtande. Ustadh alizunguka mbele. Safari hii hata mimi nilitangulia. Ngazi ndogo nyekundu zilikuwa zinapanda, moja juu ya nyingine, kuelekea kulia.

"Kwangu ni mistari mitano kwa saa," alisema polepole. "Sita siku za sikukuu. Na huyu" (alimnyooshea kidole Maqbul aliyekuwa anarudi akijifuta macho) "akinijibu 'tayari', nusu ya mara anakuwa bado."

"Baba!"

"Kimya. Nani amekuuliza?" Alikaa na kikombe chake. Alikunywa. Akatoa ugoro, akabana, akavuta, akapiga chafya. Wasichana watatu wakatazamana.

"Hapo!" alisema. "Kila nikivuta ugoro wanatazamana. Tangu siku ya kwanza. Kuna nini?"

 Bi Khatija ndiye aliyejibu, maana hajui kuficha kitu. "Ndilo jina lako, Samad. Wanakuita hivyo. Kubana, kuvuta, na chafya."

Nilidhani sasa tumeharibu kila kitu. Uso wa Ustadh ulipanda rangi mpaka masikioni. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaweka kikombe chini, akainua mkono, akabana vidole viwili, akavipeleka puani, akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Hivi?"

"Chafya iwe kubwa zaidi," nikamwambia.

Akairudia, kubwa zaidi. Haniya alianguka kwenye mto kwa kucheka.

"Na yule?" aliuliza. "Msomaji. Anaitwaje?"

Mtu ambaye miezi yote alimwita bubu alikuwa amemwita msomaji, tena bila kujua kwamba amefanya hivyo. Nilipitisha kidole kwenye unyusi wangu wa kushoto.

Zuna alikuwa amegeuka, anakunja talimu ya marehemu kwa uangalifu kwenye mikunjo yake ya zamani. Ustadh alisimama. Alikanyaga sakafu kwa kisigino kwa nguvu zote za fundi wa miaka arobaini.

"Vumbi!" Bi Khatija alilia, safari hii akifunika birika kwa mtandio.

Zuna aligeuka. Ustadh Samad alipitisha kidole kwenye unyusi. Akajionyesha mwenyewe, akabana, akavuta, akapiga chafya. Kisha hakujua aendelee vipi, akanitazama kama mtu aliyefika katikati ya daraja.

"Mwambie kesho asubuhi," alisema. "Karakana yangu. Na mwambie asilete mto wa kukalia kwenye ubao wa wafumaji, hatakaa pale. Maqbul! Leo ukifika chukua kigoda changu, kipeleke nyuma ya kitanda kikubwa."

"Kigoda chako, Baba? Wewe utakaa wapi?"

"Nitasimama. Nijifunze."

Nilimwambia Zuna. Hakulia, wala hakuruka. Aliniuliza kitu kimoja tu, na nikamfikishia Ustadh.

"Anauliza wafumaji wako ni wangapi."

"Watano."

"Basi anasema utume watu wawili wa kwako kila jioni waje hapa wajifunze alama. Na Haniya na Tabinda waende kwako wakafume. La sivyo atamsomea nani?"

"Anaanza kuniamrisha kabla hajaingia mlangoni!"

"Ndiyo, Ustadh."

Alikunywa chai yake yote, hadi kwenye majani. "Amekonda sana," alisema akimtazama Zuna. "Ale kwanza."

*

Kitanda hakijaondoka kwa Bi Khatija. Mbele yake sasa wamekaa wasichana wanne wapya na mvulana mmoja kutoka ng'ambo ya mto, na uzi mwekundu bado uko kwenye mhimili wa kulia. Mjomba wa Zuna amenunua mashine ya kumenyea mashina, na analalamika juu yake kila anaponiona.

Karakanani kwa Ustadh husikii tena kuimba. Ukipita uchochoroni utadhani pamefungwa, mpaka watu saba wacheke kwa pamoja. Maqbul amejifunza alama haraka kuliko wote. Anasema ni kwa ajili ya kazi, lakini sote tunajua anataka kufahamu lini anasengenywa. Jina lake ni viatu vya kisigino, na ameshakata rufaa mara mbili.

Ijumaa iliyopita nilipita na gunia. Ustadh alifungua mlango mwenyewe, akanisalimu kwa chafya, akatia mkono kwenye kopo la mchele. Konzi yake haijakua hata kidogo.

"Ustadh," nilimwambia, "siku hizi una msomaji mpya na mistari minane kwa saa."

Alitazama mkono wake, akatazama gunia. Akaita ndani: "Zuna!" kisha akajikumbuka, akakanyaga sakafu.

Zuna alikuja kutoka karakanani na sufi kwenye nywele. Alimtazama Ustadh, akanitazama mimi, akatazama kopo.  Alilichukua kopo zima na kulimimina kwenye gunia langu.